Omba Mafunzo Kabla Mgonjwa Hajatoka Wodini

Familia nyingi hapa Nairobi huanza kazi ya kuuguza siku ileile mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, zikiwa na mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki, bila mtu yeyote kuzionyesha namna ya kumgeuza mtu mzima aliyepooza upande mmoja. Tangu mama yangu apatwe na kiharusi, nimeshika msimamo kwamba kumfundisha anayeuguza ni sehemu ya matibabu, na ninawasihi ndugu wote wayaombe mafunzo hayo mapema, mgonjwa akiwa bado wodini.

Nenda wakati mtaalamu wa tiba ya viungo yuko kazini, umwombe akuonyeshe, kisha nawe ufanye huku akikurekebisha, kwa maana kutazama peke yake hakutoshi. Sisi tulifundishwa kumketisha mama kwa kumlaza ubavu kwanza, kuiteremsha miguu ukingoni mwa kitanda, halafu kumwinua kwa kumshika nyuma ya bega na kwenye nyonga, wala si kwa kumvuta mkono uliopooza, kwani bega lililolegea huumia upesi. Anayeinua hukunja magoti ili mzigo usiishie mgongoni. Tulifundishwa pia kumgeuza kila baada ya saa mbili na kukagua visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo, kwa sababu hapo ndipo vidonda vya kulala huanzia, na ngozi nyeusi mara nyingi haionyeshi wekundu, bali huwa ya moto au ngumu kuliko ilivyo pembeni. Wakati wa kula, mgonjwa huketi wima na kubaki hivyo kwa muda wa nusu saa baadaye. Akikohoa kila anapokunywa maji, arudishwe hospitalini bila kusubiri tarehe ya kliniki, kwa kuwa huenda maji yanaingia mapafuni.

Mweleze anayekufundisha nyumba yako ilivyo. Ujuzi wa kitanda cha hospitali chenye vyuma vya kando hausaidii sana ghorofa ya nne pasipo lifti, ambako mgonjwa huogeshwa kwa beseni juu ya kiti cha plastiki.

Mafunzo hayo ya mwanzo yanahitaji kuendelezwa. Kenya ilisambaza wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mwaka 2023, nao hupita nyumba kwa nyumba wakiwa na vifaa vya kupima shinikizo la damu. Uliza katika kituo cha afya kilicho karibu nani anahudumu mtaani kwako. Kwa magonjwa yasiyopona, tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, kama ile inayotolewa na Nairobi Hospice, huihesabu familia pamoja na mgonjwa. Kwa wanaouguza wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, Shirika la Afya Duniani lina mafunzo yaitwayo iSupport yenye sehemu tano, na moja kati ya hizo inahusu afya ya mlezi mwenyewe, jambo ambalo ningependa kuliona katika kila programu, kwa sababu mtu asiyelala usiku hawezi kukumbuka saa za dawa. Mpango wa serikali wa Inua Jamii nao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliosajiliwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Fedha hizo ni kidogo mno zikilinganishwa na bei ya nepi za watu wazima, lakini msajili mzazi wako.

Kikwazo kikubwa ni kwamba anayeuguza peke yake hana wa kumwachia mgonjwa ili aende kujifunza. Kwa sababu hiyo, wapelekeni watu wawili wodini tangu mwanzo, na mmoja awe mwanamume ikiwezekana, maana kazi hii huachiwa mabinti na wakaza wana hata pale ambapo kijana mwenye nguvu za kuinua anaishi nyumba hiyohiyo. Kwetu ni kaka yangu aliyejifunza pamoja nami, na ninapohudhuria mafunzo, yeye ndiye anayemgeuza mama na kumlisha chakula cha mchana.