Maswali na majibu: mpira gani wa gofu, umbali au spini?

Wiki hii maswali karibu yote ni ya mpira, nusu yenu mnataka kwenda mbali, nusu mnalalamika mpira hausimami kwenye grini (pale penye majani mafupi sana na shimo), na wengine mnataka vyote viwili kwa bei ya kimoja. Twende.

Swali: Boksi limeandikwa mpira huu unaenda mbali kuliko mingine yote. Ni kweli ntaongeza yadi kwa dreva (klabu, yaani fimbo, ya kupigia mbali) au ni biashara tu?

Utaongeza, ila kidogo kuliko boksi linavyokuahidi. Sheria ya R&A na USGA, wanaosimamia sheria za gofu duniani, imewabana watengenezaji wote: mpira usizidi gramu 45.93, upana usipungue milimita 42.67, na ukipigwa na mashine yao kwa spidi ya maili 120 kwa saa usivuke yadi 317, wanavumilia yadi 3 tu juu ya hapo. Kampuni kubwa zote zimeshafika kwenye huo mpaka miaka mingi, hakuna mwenye dawa ya siri. Mipira inayouzwa kama ya umbali inafanya kazi zaidi kwa kupunguza spini, yaani mpira kujizungusha ukiwa hewani, usipande sana ukafia juu, uende mbele na ukidondoka uendelee kukimbia. Kwa mchezaji wa kawaida ni yadi chache hizo, na ukigusa mpira kwa ncha ya klabu badala ya katikati umeshapoteza kuliko ulichonunua dukani.

Swali: Vile vishimo vya juu ya mpira vina kazi gani, na vikiwa vingi ndo mpira unaenda mbali zaidi?

Bila vishimo mpira ungeenda karibu nusu tu ya unapofika sasa. Upepo unaopita juu ya mpira usio na vishimo unaachana nao mapema, nyuma kunabaki eneo kubwa la hewa iliyovurugika linalouvuta mpira urudi, sasa vishimo vinaifanya hewa ing'ang'anie mpira mpaka nyuma zaidi na lile eneo linakuwa dogo. Halafu ile spini ya kurudi nyuma ndo inaupa mpira nguvu ya kupaa. Wazee waligundua hili bila maabara: mipira ya gutta-percha (utomvu wa mti uliogandishwa) ya kuanzia 1848 haikuwa na vishimo kabisa, watu wakaona iliyochubuka inaruka vizuri kuliko mipya, wakaanza kuichonga makusudi.

Idadi usiifuate. Chukua mipira miwili ya Titleist: Pro V1 ina vishimo 388, Pro V1x ina 348, na hiyo yenye vichache ndo inapaa juu zaidi. Kina na umbo la kishimo vina maana kuliko hesabu.

Swali: Nikipiga weji (klabu ya mapigo mafupi ya kwenda juu) kwenda grini mpira unadunda na kutoka nyuma. Kwenye tivii wanapiga unasimama na hata kurudi. Nakosea wapi?

Inaweza isiwe wewe peke yako, angalia ganda la mpira wako kwanza. Mipira mingi ya bei ya chini ina ganda la ionoma, plastiki ambayo wengi wanaiita Surlyn, gumu, halichubuki ovyo. Ya bei kubwa ina ganda la yurethani, jembamba na laini, na chini yake kuna tabaka gumu zaidi, kwa hiyo weji ikigonga lile ganda linabanwa kati ya mifereji ya klabu na hilo tabaka, mpira unashikwa na kuzungushwa. Kwa dreva mambo yanageuka, pigo ni kali sana hadi kiini cha mpira chenyewe kinabonyea na ganda halina sauti kubwa. Ndo maana mipira miwili inaweza kufanana kabisa ikitoka kwenye tii, pale pigo la kwanza linapoanzia, halafu ikatofautiana kama usiku na mchana ukibakisha yadi 30.

Jaribu hivi, utaelewa kuliko maneno yangu. Chukua mmoja wa ionoma na mmoja wa yurethani, simama kama yadi 20 kutoka grini, weji ile ile, swingi ile ile, uso wa klabu umefutwa mkavu. Wengi wanadhani wa ionoma utatoka chini na kukimbia, kumbe utauona unatoka juu zaidi kwa sababu umeteleza kwenye uso wa klabu, ukidondoka unadunda na kuendelea na safari. Wa yurethani unatoka chini, unadunda mara ya kwanza mbele kama kawaida, wa pili unakamatwa. Huo mdundo wa pili ndo unaolipia. Ukimaliza uangalie mpira kwa karibu, wa yurethani mara nyingi utaona alama za mifereji, hata vinyuzi vidogo vimenyanyuka, wa ionoma hauna habari.

Sasa na wewe: majani au maji yakiingia kati ya klabu na mpira spini inaanguka hata uwe na mpira wa gharama gani. Wale wa tivii wanapiga kutoka feawei, ile njia ya katikati yenye majani yaliyokatwa mafupi, weji mpya, na swingi kamili inayozungusha mpira mara 9,000 hivi kwa dakika. Kutoka rafu, majani marefu ya pembeni, hata wao mpira unawakimbia.

Swali: Hakuna mpira unaoenda mbali NA unasimama?

Upo, na ndo huo wa yurethani wa tabaka 3 au zaidi. Zamani ilibidi uchague, mpira laini wa nyuzi za raba zilizozungushwa ndani, wenye spini kila mahali hata usipoitaka, au jiwe la tabaka 2 lenye umbali. Mwaka 2000 Tiger Woods alihamia mpira wa kiini kigumu, mwaka huo huo Pro V1 ikaingia kwenye PGA Tour, mashindano ya maprofeshono wa Marekani, na ile mipira ya nyuzi ikafa haraka sana. Unacholipia leo ni spini ndogo kwa dreva na kubwa kwa weji ndani ya mpira mmoja.

Swali: Swingi yangu ni ya polepole, nimeambiwa nitumie mpira laini wa kombresheni ndogo (unaobonyea kirahisi) ndo niufinye vizuri niende mbali.

Hii imeenea sana na haina nguvu kiasi hicho. Kila mtu anaufinya mpira, hata wewe mama/mzee unayepiga taratibu. Mpira laini sana kwa kawaida unatoka kwenye klabu na spidi ndogo kidogo, kwa mwenye swingi kali hasara inaonekana, kwa wa polepole ni ndogo. Ukipenda unavyosikika kwenye pata (klabu ya kusukumia mpira shimoni), nunua kwa sababu hiyo, sio kwa ajili ya umbali.

Swali: Nina slaisi mbaya, mpira unajikunja kwenda pembeni. Mpira wa spini ndogo utaninyoosha?

Utapunguza mkunjo kidogo. Slaisi inatoka kwenye uso wa klabu ulioachwa wazi dhidi ya njia ya swingi, mpira hauoni hilo. Na huo mpira ndo ule usiosimama kwenye grini, kwa hiyo umelipa huku ukadaiwa kule. Mpe mwalimu hiyo hela.

Swali: Asubuhi za baridi mpira unakuwa mfupi, naweza kuupasha moto?

Baridi inafanya kiini kipoteze uchangamfu na hewa yenyewe inakuwa nzito, wote inawapata. Kuupasha kwa makusudi ni kinyume cha Sheria 4.2, na ukiupiga hivyo kwenye mashindano unaondolewa kabisa. Chukua klabu moja inayopiga mbali zaidi, basi.

Swali: Ni ruhusa kutumia mpira wa umbali kwenye par 5 (shimo refu) na wa spini kwenye par 3 (shimo fupi)?

Kati ya shimo na shimo unaruhusiwa kubadilisha, isipokuwa kamati imeweka kanuni ya mpira mmoja, ambayo utaikuta zaidi kwa maprofeshono. Lakini mi nisingefanya. Ukichezea aina moja mkono unajifunza inakimbia kiasi gani baada ya kudondoka, ukichanganya kila chipu, pigo fupi la karibu na grini, ni kubahatisha. Chagua mpira ukiwa karibu na grini, halafu uende nao huo huo mpaka kwenye tii, na kama bei ya yurethani inakuuma kwa sababu unapoteza mipira mingi kila raundi, cheza ionoma ya aina moja bila aibu na lenga kudondoshea mbele ya grini.