Strasbourg: kanisa la Wafaransa au la Wajerumani?

Ndugu umeuliza kanisa kuu la Strasbourg, mji wa mashariki mwa Ufaransa, ni la Kifaransa au la Kijerumani, jibu ni yote mawili kwa kweli. Lilipojengwa mji ulikuwa ndani ya Dola Takatifu ya Kirumi, watu wanaongea Kijerumani, lakini mtindo wenyewe wa ujenzi, Gothiki, ulitoka Ufaransa, na kwenye sanamu za mlango wa kusini za miaka ya 1230 hivi unaona kabisa mkono wa mafundi walioijua kazi ya kanisa kuu la Chartres huko Ufaransa. Mnara ulimalizika 1439, mita 142, na kuanzia 1647 mpaka 1874 hakukuwa na jengo refu zaidi duniani! Ufaransa iliuchukua mji 1681, Ujerumani 1871, ukarudi Ufaransa 1918, Ujerumani ikauchukua tena 1940, wakati huo wote kanisa limesimama palepale na mawe yake ya pinki kutoka milima ya Vosges.

Ila mimi kinachonishika zaidi ni ile sanamu ya Mshawishi kwenye mlango wa magharibi, upande wa kulia, kijana mtanashati anatabasamu, ameshika tunda, mwanamwali mpumbavu, wa ule mfano wa Yesu wa wanawali kumi, yuko pembeni yake anacheka naye, sasa zunguka nyuma yake uone, mgongo mzima umejaa vyura na nyoka. Yaani mchongaji alimaliza mahubiri yote bila kuandika neno, na waumini wengi enzi hizo hawakujua kusoma.

Ukienda usiishie mlangoni tu, sanamu nyingi za asili ziko makumbusho ya Œuvre Notre-Dame hapohapo jirani, zilizoko nje ni nakala.