Chai ya Mwenyeji, na Maswali Mengine ya Wanaotumwa Misheni

Watu wengi wa huku kwetu wanajua kwamba nilihudumu misheni ya miezi 24 Kitwe, Zambia, kabla ya kurudi Kisumu. Ndiyo sababu maswali hunifikia kwa simu, kanisani, hata nikiwa sokoni Kibuye nachagua nyanya. Leo nayajibu yale yanayojirudia. Mimi ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kwa hiyo taratibu nitakazozitaja ni za kwetu. Madhehebu mengine yana zao.

Mwanangu wa kwanza anaondoka mwezi ujao kwenda Zambia. Atakuwa akifanya nini kutwa nzima? Na sauti yake nitaisikia lini? (Mama, Kakamega)

Mama, hongera, na pole kwa usingizi unaokupotea. Mwanao ataamka saa 12:30 asubuhi, afanye mazoezi kidogo, anywe uji, asome maandiko peke yake kisha na mwenzake wa misheni (hutumwa wawili wawili), ajifunze lugha, halafu watoke. Kutoka maana yake ni kutembea kwa miguu. Atafundisha anayetaka kufundishwa, atawaona wagonjwa, na siku nyingine atapalilia mahindi ya mjane au kubeba maji. Saa 4:30 usiku taa zinazimwa.

Siku moja kila wiki ni ya matayarisho: kufua, kunyoa, kwenda sokoni. Ndiyo siku atakayokupigia. Tangu Februari 2019 wamisionari wetu wanaruhusiwa kuzungumza na wazazi kila wiki. Kabla ya hapo simu zilikuwa mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama.

Mfungie sweta nzito. Watu hudhani Zambia yote ni joto, lakini Juni na Julai asubuhi za Kitwe zinauma, hasa kwa mtu aliyezoea Kisumu. Achanjwe homa ya manjano mapema, kwa sababu cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Na umfundishe kufua shati jeupe kwa mikono, kola hasa, maana atalivaa kila siku.

Chakula kisikutie hofu. Ugali wao, nshima, ni ndugu wa huu wetu. Kapenta ataiona kama omena, delele, mboga ya kuteleza, itamkumbusha mrenda wako, na akiletewa viwavi waliokaushwa, akumbuke kwamba kwetu kumbikumbi huliwa kwa furaha mvua ikianza.

Imani yetu hairuhusu chai. Mimi nimezaliwa Kericho! Nitamwambiaje mwenye nyumba aliyekwisha kunimiminia? (Kijana anayesubiri barua ya wito)

Swali hili lilinigharimu. Katika miezi yangu ya kwanza tuliingia kwa bibi mmoja mtaa wa Wusakile. Alikuwa amemtuma mjukuu dukani kununua sukari, na nilimwona akihesabu sarafu kabla ya kumpa. Chai ilipofika nikasema haraka, kwa sauti ya mtu anayejua sheria, kwamba sisi hatunywi. Bibi hakusema neno. Alikifunika kikombe kwa kisahani na kukisogeza ukutani. Tukasoma, tukaomba, tukaondoka. Njia nzima nilijua nimemuumiza.

Mwenzangu wakati ule alitoka Lubumbashi, Kongo, ng'ambo ya mpaka, na aliijua desturi ya watu wale kuliko mimi. Wiki iliyofuata alinitangulia mlangoni. Kabla moto haujakokwa alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama wafanyavyo kwa wazee, akamwambia: "Bamayo (yaani mama), leo tunaomba maji yako ya moto, na sukari yako ile ile." Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tukanywa maji ya moto yenye sukari, vikombe viwili kila mmoja. Amri haikuvunjwa, na sarafu zake hazikudharauliwa.

Basi, mdogo wangu, sema mapema, kabla sufuria haijainjikwa, na ukikataa kimoja omba kingine kilicho ndani ya nyumba ile. Usikatae ukaishia hapo. Munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, uliza kilitengenezwa lini: kikiwa kipya ni kitamu na watoto hunywa, lakini kikikaa siku kadhaa huwa pombe.

Nikipangiwa mtu tusiyepatana itakuwaje? (Nakuru)

Utapangiwa. Tunatumwa wawili wawili, kama Marko 6:7 inavyosema, na hamwachani isipokuwa bafuni. Mimi na mwenza wangu wa kwanza tulinyamaziana siku tatu kwa sababu ya sufuria iliyoungua. Siku tatu tukiwafundisha watu habari ya kusamehe! Kila wiki kuna kikao cha wenza, ambapo kila mmoja anasema lililo moyoni. Usikifanye kuwa desturi tupu. Na usingoje kikao: neno la asubuhi limalizwe kabla ya kulala.

Lugha je? Kiswahili kitatosha? (Kitale)

Hakitatosha, maana Kitwe wengi husema Kibemba, lakini kitakufungulia mlango. Ukibisha hodi Kitwe unasema "odi". Watu ni "abantu", nyama ni "inama", na asante sana ni "natotela sana". Mama yangu ni wa Vihiga, kwa hiyo na Kiluhya kilinisaidia. Mapema kabisa jifunze kutanguliza "ba" unapomtaja au kumwita mtu unayemheshimu. Waombe watoto wakusahihishe, nao watakusahihisha bila huruma.

Mpenzi wangu atanisubiri? (Kondele)

Sijui, ndugu yangu. Muagane vizuri, asifungwe na ahadi ya hofu, wewe uende ukafanye kazi.

Nyalenda, mtaa wetu wa mabanda hapa Kisumu, kuna watoto wanaolala njaa. Kwa nini tupeleke vijana wetu nje? Wazungu walituletea Injili, yatosha. (Mzee, Kisumu)

Mzee wangu, swali lako nimelibeba moyoni kwa miaka, na sehemu moja nakubaliana nawe kabisa: kijana ambaye hajawahi kumchotea maji jirani yake wa Nyalenda hana la kumpelekea mtu wa Kitwe. Mimi ningependa kila anayejaza fomu za misheni atumikie mtaani kwao kwanza.

Lakini tazama jinsi Injili ilivyofika hapa. Reli ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901. Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa kanisa la Friends (Quaker) wakaanza kazi Kaimosi. Mwaka 1906 misheni ya Kianglikana ikaanza Maseno. Tunasimulia walicholeta: shule, hospitali, Biblia. Hatusimulii sana walichopewa. Nani aliwafundisha lugha za huku, neno kwa neno? Nani aliwaonyesha njia na maji? Wazee wetu waliwapokea wageni wasiojua hata kusalimu. Katika Luka 10 Yesu anawatuma wale sabini bila mfuko wala mkoba, na anawaambia wale watakachowekewa. Aliwatuma wakiwa wahitaji. Kijana wetu akifika Zambia akiwa mgeni, asiye na gari wala fedha, akalishwa na bibi wa Wusakile, anajua kutoka ndani mwake jinsi inavyokuwa kumtegemea mtu maskini. Mimi Nyalenda nilianza kuiona nikiwa Kitwe. Kabla ya hapo nilikuwa napita tu na boda.

Nimerudi miezi minne sasa. Nyumbani kila mtu anauliza nimeleta nini na nitaolewa lini. Najihisi mgeni kwetu. (Dada, Kisumu)

Dada yangu, hilo ni jambo la kweli, wala si udhaifu wa imani. Miezi 18 ulikuwa na ratiba ya kila saa, na mtu pembeni yako, na ghafla unaamka hakuna anayekungoja. Mimi niliendelea kuamka saa 12:30 na kukaa kitandani nikiwa nimevaa viatu.

Usisimulie yote kwa mkupuo, watu hawatabeba. Msimulie mama hadithi moja mkichambua mboga, nyingine kesho. Wapigie waliokulisha kule. Yule bibi wa Wusakile huzungumza nami kila Krismasi, na huniuliza kama bado nakunywa maji ya moto.

Tena kuna kazi inayokungoja. Wamisionari wawili wa kiume walio mtaani kwenu hawaruhusiwi kumfundisha mwanamke aliye peke yake nyumbani bila mtu mzima mwingine kuwapo. Waulize wanahitaji nani wa kuandamana nao, hasa jioni, akina mama wakishatoka sokoni.