Nani aongoze jumuiya ya kuwafundisha vijana mambo ya dunia? Niliyoyaona kwa miaka sita Pemba

Assalaamu alaykum. Ndugu yetu wa Micheweni ameeleza kwamba yeye na wenzake wanataka kusajili jumuiya itakayowafundisha wanafunzi wa sekondari mambo ya dunia, yaani diplomasia, biashara baina ya mataifa na kazi za Umoja wa Mataifa. Ameuliza kama inafaa wamweke balozi mstaafu kuwa mwenyekiti na mhadhiri wa chuo kikuu kuwa makamu wake, nao vijana wabakie wajumbe kwa kuwa umri wao bado mdogo. Nimekuwa katibu wa jumuiya ya namna hiyo hapa Chake Chake kwa miaka sita, na jibu langu ni kwamba balozi mfanyeni mlezi, mhadhiri mwalikeni aje kusomesha, na kabla ya kumtafuta mwenyekiti mtafuteni mshika fedha.

Sisi tulianza vile vile mnavyotaka kuanza nyinyi. Mwenyekiti wetu wa mwanzo alikuwa mstaafu wa mambo ya nje, mtu mpole na msomi, aliyetukubalia siku ile ile tuliyomwendea. Ila alikuwa akiishi mjini Unguja, na katiba yetu, ambayo tuliinakili kutoka jumuiya nyingine bila ya kuisoma kwa makini, ilitaka saini yake katika kila hundi. Ilipoingia ruzuku yetu ya mwanzo, kitabu cha hundi kikawa kinavuka bahari kwa boti na kurudi. Safari moja kilimkuta yuko kwenye matibabu, kikakaa wiki saba, na semina tuliyoipanga kwa skuli nne ikafanyika katika skuli moja tu kwa nauli tulizochangishana wenyewe. Mfadhili alipotaka hesabu, fedha zilikuwa zimelala benki, na kwa mfadhili fedha zilizolala hazina heshima kubwa kuliko zilizoliwa. Ruzuku ya pili hatukuipata.

Katika mkutano mkuu uliofuata, mzee mwenyewe ndiye aliyeomba apumzishwe uenyekiti. Tukamfanya mlezi, na tukaandika katika katiba kwamba mlezi hana saini wala kura. Hapo ndipo tulipoanza kumfaidi. Halazimiki tena kukaa kwenye vikao vya kubishana bei ya chai na mandazi, lakini akija mara moja kwa mwaka huwaeleza vijana yale ambayo mwalimu hawezi kuyatoa kitabuni: namna kura inavyotafutwa kwenye korido kabla ya kikao kufunguliwa, na namna mjumbe wa nchi ndogo anavyosikilizwa kwa sababu ameisoma rasimu ya azimio mpaka mstari wa mwisho ilhali wakubwa hawakuisoma.

Kuhusu umri, sioni sababu ya nyinyi kujirudisha nyuma. Dk. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Visiwa hivi, alipelekwa Cairo kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Mwaka 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na kuanzia 1989 hadi 2001 akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kama kijana wa miaka 22 aliaminiwa ubalozi, kijana wa miaka 26 anaweza kuaminiwa uenyekiti wa jumuiya yenye wanachama 30 na kabati moja.

Mtu ambaye kwa kweli ndiye anayeiongoza jumuiya yetu hana cheo kinachosikika. Ni mratibu wa mafunzo, mwalimu wa jiografia aliyewahi kusomesha skuli za vijijini. Katika somo lake la mwanzo huja na pishi ya karafuu kavu, akaimwaga juu ya meza na kuuliza zinakwenda wapi. Watoto hujibu pilau, wengine dawa ya meno. Ndipo anapowaeleza kwamba karafuu nyingi za dunia huishia kuchomwa ndani ya sigara za Indonesia ziitwazo kretek, kwamba Indonesia ilikuwa mteja wetu mkubwa mpaka ilipopanda mikarafuu yake ya kuitosheleza, na kwamba bei ilipoporomoka katika miaka ya 1980 sababu ilikuwa mbali mno na mashamba ya Pemba. Huwaagiza wakawaulize wazee wao nyumbani ilikuwaje miaka ile. Jumamosi inayofuata ukumbi hautoshi kwa hadithi, na mtoto aliyekuja akidhani mambo ya dunia ni habari za marais huondoka akijua kwamba yalishaingia mpaka jikoni kwao. Mimi nilimaliza chuo bila ya kufundishwa hivyo.

Mwalimu huyo huyo ndiye anayesimamia mkutano wa kuigiza Baraza la Usalama: viti 15, vitano kati yake vya kudumu. Alipofika kwenye kura ya turufu, waliozoea karata walielewa kabla hajamaliza sentensi. Lakini msichana aliyepewa kiti cha Ufaransa alipoona kwamba mkono wake mmoja umeangusha azimio lililoungwa mkono na wenzake wote 14, alicheka kwanza, kisha akauliza nani aliyewapa wale watano uwezo huo. Swali hilo lilitupa kazi ya mwezi mzima, kutoka San Francisco, ulikoasisiwa Umoja wa Mataifa mwaka 1945, hadi hoja ya Afrika leo ya kudai viti vya kudumu. Mtafuteni mtu wa namna hiyo, na mkimpata msimpe uenyekiti, maana barua na vikao vitamla.

Jambo la pili ni siasa, nalo nilieleze waziwazi kwa sababu tuko Pemba. Ukifundisha mambo ya dunia hapa, mwezi hautaisha kabla hujaulizwa kwa nini Zanzibar, iliyoingia Umoja wa Mataifa tarehe 16 Disemba 1963, haina kiti leo, au kwa nini ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, Disemba 1992 na kujitoa Agosti 1993. Majibu yapo: Muungano wa Aprili 1964, na Katiba inayoyaweka mambo ya nje kuwa ya Muungano. Lakini jibu lile lile likitoka kinywani mwa mwenye cheo cha chama, hata akilisema kwa haki, litasikika kuwa kampeni. Makamu mwenyekiti wetu aliwahi kuchukua fomu ya kuomba uteuzi wa chama chake bila ya kujiuzulu kwetu. Skuli moja iliyokuwa ikitupokea kila mwezi ikatufungia mlango, na ilituchukua mwaka kurudi. Siku hizi katiba yetu inasema anayechukua fomu amejiuzulu siku hiyo hiyo, pasi na kikao.

Sasa nirudi kwa mshika fedha. Wetu ni mama mwenye duka la vitambaa, ambaye hakuwahi kusoma uhasibu lakini hajawahi kulala na stakabadhi ambayo hakuiandika. Ni yeye aliyetuambia kwamba vipindi vya alasiri vinagombana na saa za chuoni, yaani madrasa, na ndiyo maana wasichana walikuwa wakikosekana, tukahamishia Jumamosi asubuhi. Ni yeye pia aliyekataa tusiweke semina yoyote msimu wa karafuu, kwa sababu hakuna mzazi atakayemwachia mtoto aondoke wakati majamvi yameanikwa na mawingu yanakuja. Miaka miwili kabla ya hapo sisi wasomi tulikuwa tukiandika katika ripoti kwamba "mwamko wa jamii ni mdogo".

Kuhusu usajili sina mengi. Sisi tulisajiliwa kwa Mrajis, yaani msajili wa jumuiya, chini ya Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya mwaka 1995, tukiwa na katiba, majina ya waanzilishi na barua ya sheha. Nendeni mkaulize utaratibu wa sasa kabla ya kuandika chochote. Katika katiba yenyewe, hakikisheni hundi inatosha kwa saini mbili kati ya tatu, na wote watatu wawe wanaishi Pemba. Uenyekiti uwe wa miaka mitatu, usiozidi vipindi viwili. Akidi ya kamati tendaji msiiweke juu mno, maana tuliweka theluthi mbili na mara tano tuliagana mlangoni kwa kukosa mtu mmoja.

Posho mliyoiulizia mwishoni: viongozi wetu hawalipwi, ila kila anayekwenda skuli hurudishiwa nauli yake siku hiyo hiyo, na mama wa duka huwa na daftari mkononi. Katiba yetu ilivyo sasa nitampa yeyote atakayeitaka, pamoja na ile ya mwanzo iliyotutia mashakani, mzilinganishe wenyewe.