Ndafu, mbege na nusu kaputi

Msomaji kaniandikia juzi: “Dada, napasuliwa tarehe 27 asubuhi, na 26 usiku kuna ndafu kwa shemeji. Nikila kidogo tu kuna ubaya?” Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma! Nilicheka, halafu nikakasirika. Mwaka juzi huyo alikuwa mimi.

Krismasi nilipanda Rombo, Kilimanjaro, “kuhesabiwa” nyumbani kama Wachaga wenzangu, nikiwa na henia yangu na miadi ya tarehe 28. Hospitali walishaniambia nisile kitu kuanzia saa 6 usiku. Saa 10 alfajiri shangazi akanisogezea mbavu za ndafu zilizobaki, na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Shangazi yangu humkatalii.

Mtaalamu wa usingizi akaniuliza nimekula lini. “Jana saa 12 jioni,” nikajibu, mdomo unanuka mbege. Akavua glavu kimyakimya. Nikarudishwa hadi Januari. Mawifi wakanibatiza Mama Ndafu, na jina hilo bado linaniuma, nisiwadanganye.

Yule bwana hakunigombeza. Alinieleza kwamba nusu kaputi, ile dawa ya kukulaza wakati wa upasuaji, inalegeza hata msuli unaozuia chakula kisipande kooni, na kikohozi chenyewe kinazimwa. Kikipanda kinashukia mapafuni, nawe huna habari. Nyama ya mafuta huhitaji saa 8 au zaidi. Maji matupu mara nyingi huruhusiwa mpaka saa 2 kabla. Na mbege ina ulezi ndani, kwa hiyo msijidai ni maji.

Aliposikia naoka keki akacheka. Vile vichupa vya gesi ninavyopigia krimu ya keki za Krismasi vina naitrasi oksaidi, ndugu yake dawa za kazini kwake! Inayeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana krimu inaumuka. Tarehe 11 Desemba 1844, huko Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells aliivuta akang’olewa jino. Jana yake, kwenye onyesho la burudani, alimwona mtu aliyeivuta akaumia mguu bila kusikia maumivu. (Ya krimu ibaki kwenye krimu, jamani.)

Kwa hiyo dada, usile. Ukila, sema. Ukinywa, sema. Wanaodanganya daktari wanajidanganya wenyewe, mimi nikiwa wa kwanza.

Januari aliniuliza tena. “Ndizi, jana saa 1 usiku. Mbege sijagusa tangu Mwaka Mpya.” Akainama, akanusa, akaanza kutafuta mshipa.