Jibu: Gundi badala ya nyuzi kwenye upasuaji wa hipospadia?

Mama Junior, pole kwa wasiwasi. Nimekuelewa: mtoto ana miezi 14, tundu la mkojo liko upande wa chini wa uume (ndiyo hipospadia), daktari ametaja "gundi", nawe unaogopa kidonda kitaachia.

Nyuzi zipo palepale. Mrija mpya wa mkojo hushonwa kwa nyuzi nyembamba zinazoyeyuka zenyewe. Gundi ni msaidizi tu. Muulize ni ipi. Ya fibrini, protini inayogandisha damu, hutokana na plazma (majimaji ya damu) ya binadamu, hupakwa juu ya mshono wa ndani kuuziba, na mwili huifyonza taratibu. Damu hiyo hupimwa na kusafishwa dhidi ya virusi, ila kama imani yenu ina neno kuhusu damu, semeni mapema. Ya sianoakrilati, gundi ya kemikali ya hospitali iliyo jamii moja na supagluu, hupakwa juu ya ngozi, hukauka kama utando na kubanduka yenyewe, mara nyingi ndani ya siku 5 hadi 10. Hiyo usiipake Vaseline wala mafuta, italainika na kuachia, na usiibandue kwa kucha. Supagluu ya dukani, hapana kabisa!

Mimi ningeuliza zaidi uzoefu wa daktari kuliko gundi yake. Fistula, yaani mkojo kuvujia tundu la pembeni, hutokea hata gundi ikitumika. Na msimtahiri kabla: govi lile huenda likahitajika kwenye upasuaji.

Mkisharudi nyumbani akapata homa, damu isiyokoma, uume ukazidi kuvimba au mpira wa mkojo ukaacha kutiririsha, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.