Kwa nini madaktari wa meno walikatazwa kujitangaza

Umeuliza kwa nini daktari wa meno alikatazwa kujitangaza wakati mfanyabiashara mwingine yeyote anaweka bango. Kwa Marekani, maadili ya chama chao ya mwaka 1866 yalipinga vipeperushi na mabango ya kusifia bei nafuu au ufundi wa pekee. Ukisoma habari za daktari wa meno Edgar Parker utaielewa hofu yao. Alihitimu Philadelphia mwaka 1892, wateja hawakuja, akaingia barabarani na bendi: kung'oa jino senti 50, na ukiumia anakulipa dola 5. Mgonjwa akipiga kelele, matarumbeta yalipulizwa kwa nguvu umati usisikie. Alikuwa na mkufu wa meno 357 aliyodai kuyang'oa kwa siku moja! Jimbo la California lilipombana kwa kufanya kazi kwa jina la biashara lisilo lake kisheria, mwaka 1915 alibadilisha jina lake kisheria akawa Painless, yaani "bila maumivu", na mabango yakaendelea.

Hata hivyo marufuku iliwaumiza maskini, kwani hawakuweza kulinganisha bei. Mlango ulifunguka mwaka 1977, Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iitwayo Bates, ilipowaruhusu mawakili kujitangaza. Taaluma nyingine zikafuata, udaktari wa meno ukiwemo.

Kwa hiyo bei itangazwe, tena waziwazi. Ninachopinga kabisa ni kuahidi matokeo. Mgonjwa aliyefungua mdomo kwenye kiti hana namna ya kujua kama jino lile lingeweza kuzibwa, na likishang'olewa hakuna wa kumrudishia.